Mayai na Mboga kwa Mtindo wa Meksiko

Leo tunaweka jembe chini tuingie jikoni. Akina baba msizime redio, maana habari hii inawahusu nanyi pia.

Mara nyingi mayai yote na nyanya zote huenda sokoni, halafu watoto wakalala kwa ugali na chumvi. Fedha lazima ipatikane, hilo hatulikatai. Lakini mtoto hakui kwa fedha iliyomo mfukoni mwa baba. Hukua kwa kile kilichomo sahanini. Basi leo tujifunze pishi linalotumia mayai 4 tu kwa watu 6.

Pishi hili limetoka Meksiko. Msishangae, maana mahindi yetu asili yake ni huko huko. Wakulima wa nchi hiyo walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita, na walilima pia maharage, maboga, nyanya na pilipili. Mabaharia Wareno ni miongoni mwa waliotuletea mazao hayo. Watu wa Meksiko hupika mayai kwa nyanya, kitunguu na pilipili mbichi: nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera yao. Sisi tutaongeza viazi na maharage ili chakula kishibishe.

Haya, tayarisha vitu hivi:

Viazi mviringo 6 vya kadiri, kitunguu kikubwa 1, nyanya 3, pilipili hoho 1, maharage yaliyochemshwa kikombe 1, mayai 4, mafuta vijiko 3 vya chakula, na chumvi. Pilipili kali ni kwa wanaoipenda. Watoto wawekewe chakula chao kabla hujaitia.

Kwanza, menya viazi na uvikate vipande vidogo. Kiazi chenye rangi ya kijani kina sumu, usikipike. Chemsha kwa dakika 10, kisha mwaga maji.

Pili, pasha mafuta, tandaza viazi, uviache vigeuke rangi ndipo uvipindue. Ukikoroga kila mara vitavurugika.

Tatu, tia kitunguu na hoho. Vikilainika, tia nyanya, maharage na chumvi. Acha mpaka maji ya nyanya yakauke.

Nne, vunja yai moja moja kwenye bakuli, ulitazame na kulinusa kabla ya kulitia sufuriani, kwa sababu yai moja bovu huharibu chakula chote. Fanya vishimo 4 katika mboga, tia mayai, funika, punguza moto. Epua ute na kiini vikishaganda kabisa. Yai bichi linaweza kuleta ugonjwa wa kuhara.

Je, fungu hili dogo lina faida? Yai 1 lina protini kama gramu 6, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Jumla ni gramu 39. Ukigawa kwa watu 6, kila mmoja anapata gramu 6 na nusu, ambayo ni nusu ya mahitaji ya siku ya mtoto wa miaka 2. Bado hatujahesabu viazi.

Labda mtauliza, "Tukila mayai, vifaranga vitatoka wapi?" Swali zuri. Kila jioni okota mayai, uyaandike tarehe kwa penseli. Mayai ya kuatamia yawe ya umbo zuri na yasizidi siku 7. Madogo mno, yenye umbo baya, na yaliyopita siku 7 bila kuharibika, hayo peleka jikoni. Hivyo kuku ataendelea kuangua, nanyi mtaendelea kula.

Jambo la mwisho. Kuna mahali ambapo mama mjamzito na watoto hukatazwa mayai. Mwiko huo uachwe. Hao ndio wanaoyahitaji kuliko sisi sote, na hata mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza kulishwa yai lililoiva vizuri na kupondwa.

Basi, ndugu mkulima, siku ya soko ikifika, kabla hujafunga kapu, toa mayai 4 uyaache nyumbani. Kwaherini, na kazi njema.