Mpunga Mrefu, Mpunga Mfupi: Kazi ya Homoni Moja

Mnunuzi wa mchele katika soko la Darajani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, huuliza aina kabla ya kuuliza bei. Supa hupendwa kwa harufu yake. SARO 5, iliyoidhinishwa nchini Tanzania mwaka 2002, nayo ina harufu kiasi. Shambani, katika mabonde ya Unguja kama Cheju na Kibokwa, tofauti ya aina hizi huonekana kwa mbali: mpunga wa Supa ni mrefu, ule wa SARO 5 ni mfupi. Hata hivyo zote mbili ni za spishi moja, Oryza sativa.

Urefu huo si jambo la sura tu. Supa ikitiwa mbolea nyingi ya chumvichumvi, bua hurefuka na suke huwa zito. Ukija upepo wenye mvua, mpunga hulala. Punje hulowa, nyingine huoza na nyingine huota zikiwa bado katika masuke. Hivyo mbolea iliyonunuliwa kwa taabu ili kuongeza mavuno huweza kuyapunguza.

Urefu wa bua hutegemea sana jiberelini, homoni ambayo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo mno. Ndani ya seli mna protini zinazozuia kukua. Jiberelini husababisha protini hizo zivunjwe, na seli zikarefuka. Ajabu ni kwamba homoni hii iligunduliwa kwa njia ya ugonjwa. Wakulima wa Japani waliijua miche ya mpunga iliyokimbilia juu, ikapauka na kuanguka, wakaiita miche mijinga. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba majimaji yaliyooteshwa kuvu wa ugonjwa huo, hata baada ya kuvu kuondolewa, hurefusha miche. Baadaye ilibainika kwamba mimea yenye afya nayo hutengeneza jiberelini.

Kiasi chake, basi, hakilingani katika kila mpunga. Jeni iitwayo SD1 huongoza hatua mojawapo ya kuitengeneza. Katika mpunga mfupi wa Taiwan uitwao Dee-geo-woo-gen, jeni hiyo imepungukiwa na jozi 383 za herufi za urithi, kwa hiyo bua hupata jiberelini kidogo. Mwaka 1962 watafiti nchini Ufilipino waliuzalisha pamoja na Peta, mpunga mrefu wa Indonesia. Mwaka 1966 wakatoa IR8, mpunga uliostahimili mbolea bila kulala. Sababu yenyewe ilifahamika mwaka 2002 tu. Jeni nyingine ya jamii hiyo huendelea kufanya kazi katika maua, ndiyo maana bua hupungua lakini punje hazipungui.

Bangladesh kuna kinyume chake. Mpunga wa maji ya kina una SD1 ya namna nyingine: maji yakiufunika, jeni huamshwa, jiberelini huongezeka, na bua laweza kurefuka kwa sentimeta 20 au zaidi kwa siku hadi majani yatokeze juu.

Kwa hiyo ufupi nao una gharama. Bondeni ambako maji hutuama, mche mfupi huzama mapema, tena hauyatilii magugu kivuli cha kutosha. Mkulima anayeshikilia mpunga mrefu asidharauliwe kabla bonde lake halijatazamwa.

Si kila tofauti ya urefu inatokana na SD1. Udongo na maji navyo vina sehemu yao. Shule yaweza kupanda aina mbili katika udongo uleule na kuzimwagilia sawasawa. Zitumiwe mbegu zenye maganda, si mchele wa dukani, ambao mashine imekwisha kuuondolea kiinitete. Mimea ikitoa masuke, wanafunzi wahesabu pingili za kila bua, kisha wapime urefu wa kila pingili: ikiwa idadi yake inakaribiana, tofauti ya kimo imo katika urefu wa pingili zenyewe, na hapo ndipo jiberelini hufanyia kazi.