Picha ya familia mpakani: Mtoto ndiye hupanga ratiba

KWA mfanyabiashara wa Busia, kupata siku ambayo watoto wote wako pamoja ni kazi ngumu kuliko kupata gari la mzigo. Si ajabu mmoja awe anasoma upande wa Kenya na kulala kwa shangazi yake, mwingine awe shule ya bweni Tororo, na kitinda mimba abaki na mama kwenye kibanda cha nguo. Baba yuko Malaba na lori lake. Nyanya, ambaye kila mtu anataka akae katikati ya picha, yuko kijijini na magoti hayamruhusu tena kupanda boda boda.

Ndiyo maana picha ya familia huahirishwa kila mwaka. Mwaka unaofuata ukifika, mtoto ameshabadilika sura, au kiti cha nyanya kiko tupu.

Familia nyingi za mpakani zilijifunza hilo Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa wasafiri kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini watu walizuiwa. Shule za Uganda zilikaa muda mrefu bila kufunguliwa kikamilifu, hadi Januari 2022. Mtoto aliyekuwa akitambaa mpaka ulipofungwa alikuwa akikimbia kabla hajapigwa picha moja na ndugu zake wa ng’ambo.

Siku na karatasi

Kalenda za shule za Kenya na Uganda hazilingani, lakini mwezi Desemba watoto wa pande zote mbili huwa likizo. Tatizo ni kwamba Desemba ndio mwezi wa mauzo. Mzazi anayesubiri wiki ya Krismasi atajikuta anawavalisha watoto huku wateja wanapiga simu, na mpiga picha naye ana foleni. Inafaa kuchagua siku ya mapema, mara shule za Uganda zinapofungwa, na iwe siku isiyo ya soko. Iwekwe kama siku ya kupokea mzigo: ikishapangwa, haiguswi.

Jambo la pili ni karatasi. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kinamwezesha msafiri kusimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Mtu mzima aliyezoea kuvuka kila siku husahau kwamba mtoto hana kitambulisho. Shangazi anayevusha watoto watatu waliovaa vizuri, bila cheti cha kuzaliwa wala barua ya wazazi, ataulizwa maswali, na afisa ana haki ya kuuliza, kwa kuwa watoto huibwa. Cheti kibebwe, barua ya idhini iandikwe ikiwa anayesafiri nao si mzazi, na uhamiaji waulizwe siku chache kabla ni nini kingine kinachohitajika. Njia za panya hazifai, hasa ukiwa na watoto.

Nguo zisivaliwe barabarani

Neno boda boda lilizaliwa katika mpaka huu huu, enzi za baiskeli zilizobeba watu kati ya kituo kimoja na kingine. Pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli, lakini vumbi halijapungua. Watoto wasafiri na nguo za kawaida, zile za picha ziwe zimepigwa pasi na kukunjwa kwenye mfuko safi. Wavae wakifika, baada ya kula.

Si lazima familia nzima ivae kitenge cha sare. Inatosha kuchagua rangi mbili au tatu zinazopatana, na kuepuka fulana zenye maandishi makubwa ambayo huvuta macho kuliko uso. Viatu vipya vivaliwe nyumbani siku mbili tatu kabla. Mtoto anayebanwa na kiatu hatabasamu hata akiahidiwa soda. Kunyoa kufanywe siku tatu au nne mapema, ili vipele vya mashine vipoe. Kusuka nako kusingoje usiku wa mwisho, kwa sababu nywele zilizovutwa sana huuma na hukaza uso. Mafuta yapakwe kidogo. Uso unaong’aa sana hutoka na madoa meupe kwenye picha.

Saa na mahali

Busia na Tororo ziko karibu na ikweta, hivyo jua la mchana hupiga utosini na kuweka vivuli vyeusi machoni. Mwanga mzuri ni wa kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni. Kati ya hizo mbili, mwenye watoto wadogo achague asubuhi. Jioni wamechoka, na mtoto aliyekosa usingizi wa mchana hulia kwa jambo dogo.

Kwa wanaokutana Tororo, wengi hupenda mwamba wa mji huo uonekane nyuma yao. Wakisimama chini yake kabisa, utaonekana kama ukuta tu. Wakisogea mbali, utaonekana wote. Kupanda ngazi zake na watoto wadogo si jambo la siku ya picha. Na kwa wanaotaka kumbukumbu ya mpakani penyewe, maeneo ya forodha na uhamiaji yana ulinzi. Ruhusa iombwe kabla ya kamera kutolewa.

Ikiwa nyanya hawezi kusafiri, mpiga picha ndiye aende kwake. Nauli ya mtu mmoja ni nafuu kuliko ya ukoo mzima, na mzee akiwa kwenye kiti chake, mbele ya nyumba yake, hukaa bila wasiwasi.

Wakubwa wasubiri

Picha ya wote ipigwe kwanza, wazee na watoto wangali na nguvu. Baadaye ndipo waje ndugu wawili wawili, kisha wazazi peke yao. Mtoto apewe dakika chache za kumzoea mpiga picha na kuishika kamera kama inawezekana. Vitisho vya “usipocheka utachapwa” huonekana machoni. Afadhali aulizwe jogoo wa nyumbani analiaje, au nani ana mguu mkubwa kuliko wote. Mpiga picha naye achuchumae afikie kimo cha mtoto. Dakika 30 zinatosha. Baada ya hapo ni vilio.

Bei ikubaliwe mapema, pamoja na sarafu. Shilingi ya Kenya na ya Uganda zina jina moja lakini thamani tofauti, na ugomvi wa mpakani huanzia hapo. Ijulikane pia ni picha ngapi zitasafishwa, ngapi zitatumwa kwa simu, na nauli ni ya nani.

Kusafisha picha ndiko watu wengi hukosahau. Simu huibwa sokoni, huanguka majini, hubadilishwa, na picha hupotea nazo. Picha mbili za karatasi zinatosha kuanzia: moja ikae Kenya na nyingine Uganda. Nyuma yake yaandikwe kwa kalamu majina ya wote, mahali na tarehe. Mtoto wa bweni anaweza kuomba ya tatu akaiweke sandukuni, ili Februari, masomo yakiwa yamekolea na mama yuko njiani na mzigo, awe na kitu cha kutazama.