Kibarua akiugua, nani alipe?

Neno "kibarua" lina kisa chake. Asili yake ni barua: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kuthibitisha siku alizofanya kazi. Hatimaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Nayataja haya kwa kuwa waajiri wengi wadogo hudhani kwamba maadamu mtu anaitwa kibarua, hawana deni lolote kwake akiugua.

Sheria haisemi hivyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 2 au zaidi anastahili haki zile zile ambazo angepata lau hangeajiriwa kama kibarua. Kifungu cha 30 nacho chatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi mgonjwa alete cheti cha daktari au cha msimamizi wa zahanati.

Tuchukue mfano wa mwenye mkahawa karibu na shule, aliye na wapishi wawili, kila mmoja akilipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Mmoja akizimaliza siku zote 14 kitandani, tajiri atamlipa takriban shilingi 6,300 bila kazi. Ukilinganisha na mshahara wake wa mwaka mzima, hizo hazifiki shilingi 3 katika kila 100. Si nyingi. Taabu ni kwamba huja kwa mkupuo, wiki ile ile anapohitajika mpishi wa muda wa kulipwa papo hapo. Kiwanda chenye watu 500 hakitikisiki, mkahawa watikisika. Malalamiko ya wafanyabiashara wadogo, basi, si ya uongo.

Hata hivyo, sioni busara ya kuzipunguza siku hizo. Mpishi mwenye homa ya matumbo asiyelipwa akilala atajikokota aje kuwakandia wanafunzi wetu chapati.

Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoanza Oktoba 2024 kwa makato ya asilimia 2.75 ya mshahara, hulipia matibabu, si siku ambazo mtu hakufanya kazi. Wenye mikahawa, ambao aghalabu wana vyama vya kuchangiana karo na mazishi, wangeweza kuziba pengo hilo. Kila mmoja akiweka shilingi 540 kwa mwezi kwa kila mpishi wa mshahara huo, fedha zingetosha hata wapishi wote wakiugua siku zote 14.