Kiitikio Kabla ya Wimbo: Uenezaji wa Nyimbo Mpya katika Mtandao

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba wimbo hauna uhai pasipo utendaji, na kwamba utendaji hukamilishwa na pande mbili, yaani fanani na hadhira. Fundisho hili tumelirudia katika mitihani hadi limezoeleka mno masikioni. Makala haya yanadai kuwa ndilo linalotufaa zaidi kueleza jambo ambalo tumewaachia watu wa biashara peke yao: jinsi wimbo mpya unavyotangazwa na kuenezwa katika mtandao. Tunakusudia kuonyesha kwamba mbinu zinazofaulu ni zile zinazomwachia msikilizaji nafasi ya kuitikia. Aidha, tutauliza wimbo hupoteza nini unapotungwa kwa ajili ya nafasi hiyo.

Mwenzetu mmoja hapa Eldoret alirekodi wimbo wa Kiswahili katika studio ya mjini. Alilipia video kwa pesa alizojinyima muhula mzima, akaiweka YouTube usiku wa manane, na asubuhi akatuma kiungo kwa kila kundi la WhatsApp alilokuwemo. Majibu yakawa alama za gumba na pongezi za neno moja. Baada ya wiki mbili, waliokuwa wameutazama wimbo hawakufika hata idadi ya wanafunzi wanaojaa katika ukumbi mmoja wa mihadhara. Wimbo wenyewe ulikuwa na beti tatu zenye mantiki na vina vilivyotunzwa. Kasoro ilikuwa kwamba alitoa tangazo wala hakutoa mwaliko. Aliyepokea kiungo hakuwa na la kufanya ila kusifu na kupita.

Ikumbukwe kuwa kumshirikisha msikilizaji katika uenezaji hakukuzaliwa na intaneti. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, santuri hizo zilifika pwani nzima ya Afrika Mashariki, na waliozisikiliza hawakuacha kuulizana ni nani aliyekuwa akisemwa. Katika taarabu, anayeinuka kumtunza mwimbaji penye mshororo fulani hutoa pesa na papo hapo huuelekeza mshororo huo kwa anayemkusudia. Nasi Kenya tulikuwa na salamu za redio. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake, majina ya jamaa na marafiki, kisha wimbo alioutaka, akaituma Sauti ya Kenya, na baadaye KBC. Ni vigumu kusema iwapo watu waliketi karibu na redio kwa ajili ya wimbo au kwa matumaini ya kusikia majina yao. Mwimbaji alifaidika na yote mawili, maana wimbo ulifika nyumbani ukiwa umeandamana na majina ya watu. Anayerekodi video fupi leo akicheza wimbo wa mwingine, kisha akawataja rafiki zake watano, ametuma kadi ya salamu.

Mfano ulio bayana ni ule wa Sauti Sol. Mwaka 2014 kundi hili lilitoa wimbo "Sura Yako" pamoja na mtindo wa kucheza ulioitwa lipala. Mtindo huo haukuhitaji ufundi. Mzee wa harusini aliweza kuucheza sawa na mtoto wa chekechea, na kwa hiyo watu wakajirekodi wakiucheza. Julai 2015, Rais Barack Obama alipoandaliwa dhifa katika Ikulu ya Nairobi, naye aliucheza, na picha zake zikazunguka dunia. Hakuna bajeti ya matangazo ambayo ingenunua dakika hizo. Hata hivyo, lipala lilikuwa limeandaliwa na wasanii wenyewe. Wimbo "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini ulitoka mwishoni mwa 2019 bila mtindo wa kucheza uliokuja kuutambulisha. Mwezi Februari 2020, kundi la Fenômenos do Semba la Angola lilijirekodi likiucheza huku wachezaji wameshika sahani za chakula, na katika miezi ya kufungiwa majumbani wauguzi, watawa na polisi wa nchi nyingi wakaiga. Hapa hadhira ndiyo iliyounda utendaji. Nao "Anguka Nayo" wa Wadagliz, wimbo wa kuchezwa tu, uligeuka kuwa wimbo wa vijana barabarani katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha. Sidhani kuna mtaalamu wa biashara ambaye angethubutu kuupanga uenezaji wa namna hiyo.

Ni nini basi kinachoweza kupangwa? Kwanza ni wakati. Kipande cha sekunde kumi na tano hivi chenye kiitikio hutangulia wimbo kwa wiki mbili au tatu, ili siku ya kutolewa wapo wanaousubiri. Sauti ya kipande hicho husajiliwa TikTok kupitia msambazaji, ili kila video inayoitumia imrejeshe mtazamaji kwa wimbo wenyewe. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, hutaka wimbo uwasilishwe kwa wahariri wake kabla ya kutoka, la sivyo fursa hiyo hupotea. Wako wanaonunua watazamaji wa bandia. Hilo ni kujidanganya, kwani YouTube haitazami idadi tu bali pia muda ambao mtu amekaa na video, na watazamaji wa kununuliwa hawakai.

Sasa tuzingatie gharama, nayo ni ya kifasihi. Teknolojia imekuwa ikikata nyimbo tangu zamani. Santuri ndogo ilibeba dakika tatu au nne tu kila upande, na bendi zetu za dansi zikalazimika kuugawa wimbo: sehemu ya kwanza ikabeba kisa, sehemu ya pili ikabeba chemko. Lakini aliyenunua santuri alinunua pande zote mbili. Kipande cha mtandaoni huchukua chemko pekee na kukiacha kisa. Mtunzi anayejua hivyo huanza na kiitikio, huufupisha ubeti wa kwanza, na ule wa tatu, ambamo aghalabu kisa hupinduka, huuacha kabisa. Fauka ya hayo, tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Kwa anayetunga nyimbo za masimulizi kwa hadhira ndogo, kigezo hicho si jambo dogo.

Mwenzetu niliyemtaja hakukubali kukata beti zake. Alichofanya ni kuandika maneno yote ya wimbo chini ya video, kwa tahajia sahihi, kwa sababu msikilizaji hutafuta wimbo kwa mshororo aliounasa wala si kwa jina lake. Kisha akatoa kipande kifupi cha ubeti wa tatu, akanyamaza kabla ya mshororo wa mwisho, na kuwaomba watu waukamilishe kwa kina kile kile. Hapakuwa na mafuriko. Lakini majibu yalikuja, mengine ya mzaha, mengine ya watu walioonekana kuhesabu mizani kwa vidole, na idadi ya waliousikiliza wimbo mzima ikapanda polepole kwa wiki kadhaa. Miongoni mwa majibu hayo kulikuwa na mshororo wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambao, kwa maoni yangu na kwa kukiri kwake mtunzi, ulikuwa bora kuliko ule aliourekodi. Anataka kuurekodi wimbo upya kwa mshororo huo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi asilia iliyokwisha kuandikwa, na mwalimu yule ameuandika wake hadharani, mbele ya jina lake. Barua ya kumwomba idhini imeandikwa, na kinachojadiliwa sasa ni jinsi majina yao mawili yatakavyopangwa.