Isabelle Gulldén: Mama wa Kiswidi Aliyetamba katika Mpira wa Mikono

Wapo wanaodhani kuwa mwanamke akishapata mtoto, viatu vya mchezo huwekwa kabatini moja kwa moja. Fikira hiyo si ya kwetu peke yetu. Hata Ulaya imepata kusemwa mara nyingi. Bibi Isabelle Gulldén wa Uswidi, ambaye sasa amekwisha kuacha kucheza, aliijibu kwa vitendo.

Alizaliwa tarehe 27 Julai, 1989, akakulia Sävedalen, kitongoji kilicho karibu na mji wa Gothenburg. Sehemu hiyo ni nyumbani kwa klabu ya Sävehof, ambayo imelea wachezaji wengi wa kike na wa kiume, naye alianzia hapo.

Kwa wasomaji ambao hawajaujua mchezo huu: kila upande una watu 7, mmoja wao akiwa golini, na uwanja ni wa ndani, urefu wake mita 40 na upana mita 20. Mchezo una vipindi viwili vya dakika 30. Mbele ya goli kuna mstari uliopindwa umbali wa mita 6, na ndani yake haruhusiwi kukanyaga mtu ila mlinda mlango. Kwa hiyo mfungaji hulazimika kurukia juu ya eneo hilo na kuuachia mpira kabla miguu haijagusa chini. Ni mchezo wa kusukumana, na wanaouona laini hawajapata kukaa karibu na uwanja.

Bibi Gulldén alicheza katikati ya safu ya nyuma. Hapo ndipo panapotoka amri za mashambulizi: nani apewe mpira, nani apite pembeni, lini mwendo upunguzwe. Kwa kawaida mwenye kazi hiyo huwafungulia wenzake njia. Yeye alifanya hivyo, kisha akafunga magoli mengi kuliko wale aliowafungulia.

Mwaka 2010 alikuwamo katika timu ya taifa ya Uswidi iliyofika fainali ya Ulaya na kufungwa na jirani zao wa Norway. Miaka minne baadaye, katika mashindano yaliyofanyika Hungary na Croatia, Uswidi ilipata nafasi ya tatu baada ya kuishinda Montenegro. Bibi Gulldén alifunga magoli 58, akawa mfungaji bora wa mashindano yote.

Wakati huo alikuwa anachezea Viborg ya Denmark. Mwaka 2015 alihamia CSM ya Bucharest, mji mkuu wa Romania, na msimu wake wa kwanza huko ndio uliomfikisha kileleni. Mwezi Mei, 2016, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ilichezwa Budapest dhidi ya Győr. Timu hiyo ni ya Hungary, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukumbi ilikuwa upande wake. Muda wa kawaida ulikwisha bila mshindi, muda wa nyongeza vivyo hivyo, ikabidi zipigwe adhabu za mita 7. CSM ilishinda, na Bibi Gulldén akachaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho.

Mwaka 2018 alipumzika kwa ajili ya ujauzito. Mama yeyote anajua mwili unavyokuwa baada ya kujifungua, na jinsi usiku unavyokatika vipande vipande. Yeye alirejea mazoezini na kujiunga na Brest Bretagne ya Ufaransa, timu ngeni katika nchi ngeni, akiwa na mtoto mchanga nyumbani. Kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko yale magoli 58, ingawa halikuandikwa katika orodha yoyote ya ufungaji.

Mwaka 2021 Brest ilifika fainali ya Ulaya, ikafungwa na Vipers Kristiansand ya Norway. Baada ya hapo Bibi Gulldén alihamia kwa hao hao waliomfunga! Mwezi Juni, 2022, akiwa karibu kutimiza miaka 33, alisimama tena fainalini Budapest, na waliosimama upande wa pili walikuwa Győr. Vipers ilishinda, naye akapokea medali ya dhahabu kwa mara ya pili katika mji ule ule.