Uanagenzi wa Usimamizi wa Duka katika Mpaka wa Busia na Malaba

Uanagenzi, yaani utaratibu wa kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya mtu aliyeimudu, huhusishwa zaidi na useremala, ushonaji na umakanika kuliko na biashara ya rejareja, ilhali katika Busia na Malaba, miji ya Kenya inayopakana na Uganda, duka ni mahali ambapo vijana wengi huanzia maisha ya kazi. Biashara ya rejareja ni uuzaji wa bidhaa kwa mtumiaji wa mwisho, kwa kipimo anachokihitaji, na msimamizi wake ni yule anayeamua kiletwe nini, kwa kiasi gani, kiuzwe bei gani na nani akopeshwe. Kwa hiyo, mtu anaweza kusimama nyuma ya kaunta miaka mingi bila kuwa msimamizi, kwa kuwa kinachomtoa mwanagenzi katika usaidizi na kumfikisha katika usimamizi si wingi wa miaka bali ni maamuzi anayokabidhiwa hatua kwa hatua.

Utaratibu huu una mizizi mirefu katika Afrika Mashariki. Allidina Visram, aliyefika pwani kutoka Kutch nchini India akiwa bado mvulana katika karne ya 19, alijifunza biashara kwa kumtumikia Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo kabla ya kujenga mlolongo wa maduka yake mwenyewe yaliyofuata njia za misafara na baadaye reli, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Kwa kuwa mmiliki mmoja hawezi kuketi katika kila duka, mfumo wa aina hiyo ulitegemea mawakala walioaminiwa kununua, kuuza na kutunza hesabu mbali na macho yake, na kwa sababu hiyo kufundisha wasimamizi hakukuwa hisani bali sharti la biashara kupanuka.

Katika maduka ya mpakani leo, mafunzo hupitia ngazi tatu hata pale ambapo hakuna aliyeziandika. Katika ngazi ya kwanza, mwanagenzi hupokea mzigo, hulinganisha katoni zilizoshushwa na ankara, ambayo ni hati ya muuzaji inayoorodhesha bidhaa na bei zake, hupanga rafu ili bidhaa inayokaribia kuisha muda itangulie kuuzwa, na hupima nafaka kwa mizani au kwa gorogoro, kopo la takriban kilo 2 lililozoeleka magharibi mwa Kenya. Katika ngazi ya pili hukabidhiwa fedha, na hapo hujifunza kufunga hesabu ya siku kwa kulinganisha pesa taslimu na malipo ya M-Pesa kwa upande mmoja, na mauzo na madeni yaliyoandikwa kwa upande mwingine, ili pengo lolote lijulikane jioni ileile. Ndiyo maana ya msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ngazi ya tatu ndiyo usimamizi wenyewe, na huanza na ufahamu wa faida. Bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 80 na kuuzwa kwa shilingi 100 huleta faida ghafi ya shilingi 20, ambayo ni asilimia 25 ya bei ya kununulia lakini asilimia 20 tu ya bei ya kuuzia, na mwanagenzi asiyetofautisha hesabu hizo mbili anaweza kupunguza bei kwa asilimia 25 akidhani anauza bila faida wala hasara, kumbe anauza kwa shilingi 75 na kupoteza shilingi 5 katika kila bidhaa. Kipimo cha pili ni mzunguko wa stoki, yaani idadi ya mara ambazo mtaji uliolala katika bidhaa hugeuka fedha kwa mwaka: duka lenye stoki ya wastani ya shilingi 300,000, ambalo bidhaa zilizouzwa kwa mwaka ziligharimu shilingi 3,600,000, limezungusha mtaji mara 12, na hivyo linaweza kuridhika na faida ndogo kwa kila kipande kuliko duka ambalo bidhaa zake hukaa rafuni miezi minne.

Mpaka huongeza juu ya hesabu hizo ugumu ambao mwanagenzi wa Nakuru au Nyeri hakutani nao kila siku, kwa sababu mshindani wa duka la Busia hutumia sarafu nyingine. Kwa mfano wa kukokotoa tu, sukari inayouzwa shilingi 4,200 za Uganda kwa kilo ni sawa na shilingi 150 za Kenya ikiwa shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa 28 za Uganda, lakini thamani hiyo ikipanda hadi 30, sukari ileile hushuka hadi shilingi 140, na mteja wa Kenya hupata sababu ya kuvuka ingawa hakuna muuzaji aliyebadilisha bei. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hutofautiana, kwa kuwa kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 nchini Uganda. Hivyo, msimamizi anayepanga bei hulazimika kujua ni sehemu gani ya tofauti inatokana na sarafu, ipi na kodi, na ipi na gharama za usafiri.

Sheria za mpakani ni sehemu nyingine ya somo. Chini ya utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizoorodheshwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, hupewa hati nyepesi ya asili ya bidhaa inayomwondolea ushuru wa forodha, lakini haimwondolei ukaguzi wa viwango wala wa afya. Umuhimu wa tofauti hiyo ulidhihirika Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, kisha siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti, likiwemo la sumu hiyo kutozidi sehemu 10 kwa bilioni. Vivyo hivyo, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyopigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, haiwi halali kwa kuwa imepatikana kwa urahisi ng'ambo ya mpaka, na msimamizi ndiye anayepaswa kuikataa kabla haijafika kaunta.

Pamoja na utajiri huo wa mafunzo, wanagenzi wengi hukwama katika ngazi ya pili, kwa kuwa makubaliano huwa ya mdomo na hayasemi ni lini mafunzo yatakwisha. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya Kenya, inayosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mafunzo hayo, NITA, humtambua mwanagenzi kuwa mtu aliyefungwa kwa mkataba wa maandishi, na humfunga pia mwajiri kwa wajibu wa kufundisha. Waajiri huchangia mamlaka hiyo shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, ada inayokusudiwa kugharimia mafunzo. Msaidizi wa duka asiye na mkataba hutoa kazi yake kwa hakika, ilhali elimu yake hutegemea hiari ya mwenye duka.

Ujerumani huonyesha namna ngazi hizo zinavyoweza kuandikwa: mwanagenzi husoma chuoni na kufanya kazi dukani kwa zamu, miaka miwili humpa cheti cha muuzaji, na mwaka wa tatu humpa sifa pana zaidi ya mfanyabiashara wa rejareja. Duka la Malaba halihitaji kuiga mfumo mzima. Linahitaji mkataba mfupi unaotaja muda, posho, na tarehe ambayo mwanagenzi atapewa rafu moja ainunulie, aipangie bei na kuitolea hesabu, makosa yake yakiwa na kikomo cha fedha kilichokubaliwa mapema. Hasara ndogo itakayotokea katika rafu hiyo ni gharama halali ya mafunzo, na mwenye duka anayeikwepa hujinyima msimamizi wa duka la pili.