Wasomaji wa Mbinga Wanaohesabiwa Dar es Salaam

Kublogu kwa mapenzi tu, yaani kuandika mtandaoni bila mwajiri na bila mshahara, kulishika kasi Tanzania katika miaka ya 2000, pale Ndesanjo Macha alipowafungulia wengine njia kwa blogu yake ya Kiswahili ya Jikomboe, na mpigapicha Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha ya kwake mwaka 2005 akiwa Helsinki, nayo ikawa kijiwe cha Watanzania wa ndani na wa ughaibuni. Tangu enzi hizo wenye blogu wamekuwa na mazoea ya kuchungulia idadi ya wageni waliopita, na idadi hiyo humtia mtu moyo au humvunja moyo kabla hajajiuliza inahesabu nini hasa. Swali hilo lina uzito wa pekee kwa anayeandika habari za milima ya Umatengo wilayani Mbinga au mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa kuwa vihesabio hivyo vilibuniwa na watu waliomfikiria msomaji mwenye kompyuta yake mwenyewe na intaneti isiyokatika.

Hapo mwanzo wenye tovuti walitegemea kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa, ambayo huandika kila ombi linaloifikia. Ukurasa wenye picha tisa uliweza kuonekana kama maombi kumi, na wengi walijisifu kwa hesabu hiyo bila kujua. Mwaka 2005 Google iliinunua kampuni ya Urchin, na kabla mwaka haujaisha ikatoa bure huduma ya Google Analytics, inayotumia kipande kifupi cha programu kilichopachikwa ndani ya ukurasa, ambacho hutuma taarifa pindi ukurasa unapofunguka. Kipande hicho hushirikiana na kidakuzi, faili dogo la kumbukumbu lililobuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, ambalo huachwa kwenye simu au kompyuta ili mgeni anayerudi atambulike. Kinachotambulika, hata hivyo, ni kivinjari na wala si mtu. Simu moja inayopita mikononi mwa watu watano wa nyumba moja katika kata ya Ruanda, kule unakochimbwa mkaa wa mawe wa Ngaka, ni mgeni mmoja, ilhali mwalimu mmoja anayesoma kwa simu asubuhi na kwa kompyuta ya ofisini mchana ni wageni wawili.

Juu ya hesabu hiyo ya wageni kuna hesabu ya ziara, ambayo hukoma mgeni akikaa kimya kwa dakika 30, na toleo la Google Analytics lililochukua nafasi ya lile la zamani Julai 2023 huihesabu ziara kuwa ya maana ikizidi sekunde 10. Sekunde kumi! Hazitoshi kusoma hata aya moja ya makala inayoeleza namna Wamatengo wanavyochimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni yanayopangwa kama miraba katikati ya nyasi zilizofyekwa, zikalazwa na kufukiwa udongo.

Kuhusu mahali alipo msomaji, kihesabio hakina macho ya kuona Mbinga wala mwambao wa Nyasa. Hukisia kwa anwani ya mtandao, yaani namba ambayo kampuni ya simu hukitambulisha kwayo kifaa kinapotoka kwenda kwenye intaneti, na kwa kuwa mawasiliano ya simu za mkononi hutokea kwenye mitambo michache mikubwa, msomaji aliyeko Lituhi au Liuli mara nyingi huandikwa kuwa yuko Dar es Salaam. Anayetumia VPN, programu inayopitisha mawasiliano yake katika seva ya nchi nyingine, huhamia Uholanzi au Marekani bila kuondoka kwenye kiti, na Watanzania wengi walijifunza programu hizo wakati mitandao ya kijamii ilipobanwa katika uchaguzi wa 2020, wakazirudia mtandao wa X ulipofungwa Mei 2025. Mwandishi anayeona wageni wa Uholanzi wameongezeka ghafla wiki ya uchaguzi asijipongeze kwamba amefika Ulaya.

Pengo kubwa kuliko yote, hata hivyo, limo ndani ya WhatsApp, ambamo habari za vijijini husambaa zaidi kuliko mahali pengine popote. Msomaji akibofya kiungo alichotumiwa kwenye kundi la wakulima wa kahawa, kihesabio kwa kawaida hakiambiwi ametokea wapi, kwa hiyo humweka katika fungu la waliokuja moja kwa moja, kana kwamba aliikariri anwani ya blogu na kuiandika mwenyewe. Dawa yake ni kuongeza mkia wa maneno mwishoni mwa kiungo, unaotaja kundi kilipopelekwa, na kihesabio kitausoma. Lakini mkia hausaidii pale mtu anaponakili makala nzima na kuibandika kundini ili wenzake wasimalize bando kwa kufungua tovuti; hapo makala inaweza kusomwa na kundi zima, ikapelekwa kwenye makundi mengine matano, na mwenye kuiandika akabaki na sifuri. Kumlaumu aliyenakili ni kumwonea, kwa kuwa amefanya kazi ya kusambaza ambayo mwandishi hana uwezo wa kuilipia.

Mitandao mingine ina hila zake. Facebook ilitangaza Januari 2018 kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa, na tangu hapo wenye kurasa ndogo wameandikia wafuasi wengi ambao hawaonyeshwi kilichoandikwa. Instagram haifungui kiungo kilichowekwa chini ya picha, ndiyo maana watu huelekezwa kwenye wasifu, na wengi huishia kuipenda picha.

Upande wa pili ni wageni wa uongo. Roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe, hufungua kurasa usiku kucha, na kihesabio cha ndani cha Blogger, huduma ya kuandikia blogu, huzichuja vibaya kuliko Google Analytics, ndiyo sababu blogu hiyo hiyo siku hiyo hiyo huweza kuwa na hesabu mbili zilizoachana mno. Hesabu hizo ziliwahi kugusa mfuko: kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipomtaka mwenye blogu alipe Sh 100,000 za maombi na Sh 1,000,000 za leseni, ada zilizopunguzwa baadaye, wako walioacha kuandika. Kwa aliyekuwa akipima kama gharama ile inastahili, tofauti kati ya hesabu hizo mbili haikuwa jambo la kuchezea.

Chenye manufaa zaidi kuliko idadi hizo ni maneno ambayo watu huyaandika kwenye injini ya utafutaji kabla ya kufika, ambayo Google huyaonyesha katika huduma yake ya Search Console. Wageni wa Ujerumani wanaoangukia ukurasa wa Mbamba Bay huenda si watalii, kwa sababu mbuna, samaki wadogo wa rangi wa mawe ya Ziwa Nyasa, hufugwa majumbani Ulaya na Marekani, na wafugaji hao hutofautisha samaki wao kwa majina ya mahali kama Mbamba Bay na Lundo. Wengine hutafuta Sphinxhafen, jina la Kijerumani la Liuli, ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Chapisho la Facebook kwa kawaida huchuja baada ya siku mbili tatu. Lakini ukurasa unaojibu utafutaji wa namna hii huendelea kuleta mmoja leo na wawili wiki ijayo kwa miaka, na mgeni wa aina hiyo, aliyekuja akijua anachotafuta, ndiye hukaa dakika nane akisoma mpaka mwisho.